Wa Kwanza Kwenye Orodha

Mimi si wakili. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa kwetu Birongo wameshazoea kuniita hivyo, na nikikanusha wanadhani naringa. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mmoja mjini Kisii, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Napokea wateja, napanga mafaili, napeleka nyaraka kwenye masjala ya mahakama, na zaidi ya hayo yote natafuta hukumu. Wakili akitaka kujua majaji wamewahi kusema nini kuhusu ng'ombe aliyeuzwa kwa watu wawili au mpaka uliotembea usiku, mimi ndiye ninayeketi mbele ya kompyuta na kuingia kwenye tovuti ya hukumu. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na minne. Miaka kumi na mitatu kati ya hiyo niliifanya vibaya, na hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Naandika maneno, nabonyeza, orodha inakuja. Nachapa hukumu tatu za kwanza, nazibana kwa pini, nampelekea wakili mezani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ile ya kwanza ni ya kwanza. Ukienda harusini ukamkuta mtu ameketishwa kiti cha mbele, humuulizi kama anastahili. Unajua tu ni mjomba wa bibi harusi, au ni mtu anayetaka kura.

Sasa aje huyu mama wa upande wa Ekerenyo, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Mume wake alikuwa mtoto wa pili kwa baba yake. Alipooa, baba mtu alimtembeza kwenye mpaka mbele ya ndugu zake, hatua kwa hatua, akamwambia kuanzia hapa hadi kule mtoni ni pako. Wakajenga, wakapanda majani chai, wakazaa mabinti watatu. Kisha mume akafa, na baada ya miaka michache baba mkwe naye akafuata. Hati ya shamba lote ilikuwa bado kwa jina la mzee. Shemeji, yule mtoto wa kwanza, akaenda kufanya mirathi kimyakimya, akarudi na hati mpya yenye jina lake peke yake. Halafu akamshtaki mjane ili aondoke.

Hoja yake ilikuwa nyepesi, na kwa hiyo ilikuwa na nguvu. Alisema mdogo wake alikufa kabla ya baba yao, kwa hiyo hakurithi kitu, na marehemu asiye na kitu hawezi kumwachia mke kitu. Wakili wake alikuja na hukumu ya jaji mmoja wa kaunti nyingine iliyosema hivyo hivyo. Niliporudi ofisini nikaandika maneno yangu kwenye tovuti, na hukumu ipi ikaja juu kabisa? Ile ile. Nikaichapa, nikampelekea wakili wangu, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Sheria iko upande wao. Tazama, ndiyo ya kwanza."

Wakili akaisoma, akashusha pumzi. Mbele ya hakimu aliongea juu ya huruma, juu ya miaka ambayo mama yule amelima pale, juu ya mabinti. Alisema kila kitu isipokuwa sheria, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia hana. Tukashindwa. Mama akapewa miezi mitatu ahame.

Mimi ndiye niliyemfasiria hukumu ile kwa Ekegusii, lugha yetu, kwenye korido ya mahakama. Hakulia. Aliniuliza, "Sasa mimi nitaenda wapi?" Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, akingoja nimwonyeshe. Wazazi wake walikuwa wameshakufa, na kwao wapo kaka zake na wake zao na watoto wao, hakuna hata pa kuweka kitanda. Nikamwambia tutakata rufaa. Tukakata, na jaji wa mahakama ya ardhi akazuia asihamishwe mpaka rufaa isikilizwe. Lakini nilijua tunakwenda huko mikono mitupu, na nilikuwa na aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Hoja zetu za maandishi zilitakiwa kufika mahakamani Jumatatu asubuhi. Ijumaa kabla ya hapo, wakili aliondoka saa sita kwenda kuswali, na kutoka msikitini akashika njia ya Tabaka kuonana na wachonga mawe waliokuwa na ugomvi wa machimbo. Aliniachia kazi moja: "Mama, tafuta tena. Hata kama ni uzi, nitaushika." Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mbili, kwa hiyo huniita mama, na mimi humwita wakili, isipokuwa akiniudhi ndipo anakuwa kijana.

Mjane alikuwa amekuja siku hiyo kutia sahihi kiapo chake. Alipomaliza tu, mvua ya Kisii ikaanza, ile ya alasiri isiyokosa ratiba, ikapiga mabati mpaka hatukusikia hata magari. Nikamvutia kiti akae nami. Akaketi akitazama kioo cha kompyuta, na mimi nikaandika maneno yale yale niliyoandika mwaka uliopita, na orodha ile ile ikaja.

"Hii unasoma ni nini?" akauliza.

"Ni orodha ya hukumu, omong'ina," nikasema, kwa jina la heshima tunalompa mama mtu mzima. "Majaji wale walishaamua kesi kama yako."

"Na hii ya juu?"

"Hiyo ndiyo ilitushinda."

Akaitazama kwa muda kama mtu aliyeonyeshwa mchawi wake. "Huyo jaji ndiye mkubwa wao?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Halafu nikaufunga. "Iko juu," nikasema.

"Sijauliza kama iko juu. Hata kuku inapanda juu ya meza. Nimeuliza kama ni mkubwa."

Hasira ikanipanda. Miaka kumi na mitatu! Nikachukua simu, nikapiga namba ya huduma iliyoandikwa chini ya ile tovuti. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, nikamuuliza bila salamu kwa nini hukumu fulani inakuja ya kwanza kila nikitafuta.

"Mfumo unapanga matokeo kwa umuhimu, madam," akasema.

"Umuhimu kwa nani?"

Naamini hakuwahi kuulizwa hivyo. Halafu, Mungu ambariki, badala ya kunikatia simu akaanza kunieleza polepole. Maneno yangu yakipatikana kwenye kichwa cha hukumu, yanapewa uzito kuliko yakiwa ndani. Yakirudiwarudiwa, hukumu inapanda. Na zaidi ya hayo, mfumo unaangalia ni hukumu ngapi nyingine zimeitaja. Ikitajwa na nyingi, inapanda zaidi.

"Inatajwa kwa wema au kwa ubaya?" nikauliza.

"Mfumo haujui hilo, madam. Unahesabu tu."

"Dada yangu, huku kwetu kuna mwizi wa kuku anatajwa kila siku kuliko mchungaji. Kwa hesabu yenu huyo ni mzee wa kanisa."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia nitazame pembeni juu ya orodha, kulia, kuna kidude kidogo chenye mshale. Nikakiona. Ukikibonyeza kinakupa nafasi ya kuchagua mpangilio: kwa umuhimu, kwa tarehe, au kwa ngazi ya mahakama. Kilikuwa pale siku zote. Nilikuwa nimekipita mara maelfu, kama mtu anayepita mlango wa jirani akidhani ni ukuta. Nilimshukuru yule dada, nikaweka simu chini, na masikio yalikuwa yananiwaka.

Nilianza na tarehe, mpya kwanza, kwa sababu akili yangu iliniambia neno la mwisho ndilo neno. Zikaja hukumu tano za miezi ya karibuni. Nikazisoma moja moja, na moyo ukaanza kushuka. Zote zilikuwa zinaitaja ile ile iliyotushinda. Zote zilikuwa zimenakili aya moja, neno kwa neno, hata koma haikuhama. Nikamwambia mama ukweli: hata hawa wapya wanasema vile vile.

Nilimsomea aya ile kwa Ekegusii, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kutoka hukumu tofauti. Akanyanyua mkono.

"Hao wanarudia tu," akasema. "Wewe umekaa kwa kikao ya ukoo?"

"Nimekaa."

"Nani anaongea kwanza?"

"Vijana."

"Tena mingi. Halafu mkubwa anaongea mwisho, maneno mbili, na kikao inaisha. Sasa hawa watu wako walifika kama kikao imeisha. Hawakusikia mkubwa. Wanauliza kijana ya kwanza, 'Mlisema nini?' na yeye anawaambia yake." Akaninyooshea kidole, si kwa ukali. "Wewe pia ulifika kama imeisha. Mkubwa alisema nini?"

Ningeweza kumkumbatia pale pale. Kwa maana jambo hilo mimi nalijua kuliko mtu yeyote katika ofisi ile, nalijua kwa miguu yangu. Ndiye ninayepeleka rufaa masjala kila wiki. Kesi ikikatiwa rufaa hupewa namba mpya kama mtoto anayebatizwa. Majina nayo hugeuka: aliyeshindwa, hata kama alikuwa mshtakiwa, sasa anaandikwa mbele, kwa kuwa ndiye anayelalamika. Mtambo ukiona namba mpya na majina yaliyopinduliwa utajuaje kwamba ni ugomvi ule ule? Lakini ndani, kwenye aya za mwanzo, lazima majaji wa rufani waandike namba ya kesi iliyowaleta pale. Hawawezi kukwepa.

Nikafuta maneno yangu yote mazuri. Nikaandika namba ya ile kesi peke yake. Zikaja hukumu za kujaza kurasa kadhaa, zimepangwa kwa umuhimu, na ile ile iko juu imejikalia kama chifu. Nikabonyeza kale kamshale, nikachagua ngazi ya mahakama.

Orodha ikageuka. Juu kabisa palikuwa na hukumu moja ya Mahakama ya Rufani. Majaji watatu. Majina ya wale watu wa kaunti nyingine, la nyuma limekuja mbele. Kurasa sita tu.

Nikarudi kwenye mpangilio wa umuhimu nione ilikuwa imejificha wapi. Ukurasa wa mwisho, chini, namba mbili kutoka mkiani. Sababu nilizielewa zote kwa mara moja, na nilitamani kumpigia tena yule dada. Ilikuwa fupi, kwa hiyo maneno hayakurudiwa. Majaji hawakuandika mjane, walimwita mrufani tangu mwanzo hadi mwisho. Na ilikuwa haijatajwa na watu kwa sababu haikuonekana, nayo haikuonekana kwa sababu haikutajwa. Debe tupu likavuma miaka yote hiyo huku mkubwa amekaa nyuma ya mlango.

Nikabonyeza printa. Printa yetu ni mzee wa zamani, inakohoa kwanza, inafikiri, kisha inatoa karatasi. Mvua ilikuwa imekatika bila sisi kujua. Nilishika ukurasa wa kwanza ungali na joto na kuusoma: ni historia tu, nani alimshtaki nani. Wa pili, historia bado. Nilipoinua macho niliona dirishani mwanga wa rangi ya chai juu ya mabati ya soko, na nikajua saa imefika.

Mimi ni Msabato, na mama yule ni Msabato. Sabato yetu huanza jua la Ijumaa likizama, na halijawahi kunizamia kazini tangu nikiwa msichana, si kwa mtihani, si kwa bosi, si kwa kitu chochote. Printa ikatema ukurasa wa sita, ukalala kifudifudi kwenye trei. Uamuzi ulikuwa pale. Kugeuza karatasi tu. Kwa maana bado sikujua kama majaji wale watatu walikuwa wameipindua ile hukumu au walikuwa wameipigilia misumari zaidi. Na kama wameipigilia, basi tumekwisha kabisa, hakuna tena pa kwenda.

Nikanyoosha mkono. Mama akaweka wake juu ya karatasi.

"Jua imeingia," akasema.

"Omong'ina, ni mstari mmoja tu."

"Jua imeingia."

Nilimkasirikia, naungama. Nyumba ni yake, chai ni yake, mimi ndiye ninayetaka kuvunja Sabato kwa ajili yake, halafu ananizuia! Lakini nilipomtazama niliona macho yake yamekwama kwenye ile karatasi. Alitaka kujua kuliko mimi mara mia. Nikatoa simu, nikamwandikia wakili haraka kabla mwanga haujaisha: "Karatasi iko mezani kwako. Sijaisoma mwisho. Isome." Nikaizima. Tukashuka ngazi, yeye akaenda kwa binti yake anayekaa mjini, mimi nikaenda kwangu.

Sabato ile sikuisikia. Niliketi kanisani Birongo na mwongozo wa somo magotini, na mtu akisema fungua ukurasa wa sita nashtuka. Niliimba wimbo wa kufungulia kwa maneno ya wimbo mwingine. Niliomba, lakini maombi yangu yalikuwa ya ujanja: sikuomba kushinda, maana hiyo ingekuwa kuzungumza kazi, niliomba tu "lile unalolijua, Bwana."

Alasiri, kwaya ya vijana ikiwa inajipanga, nikaona gari la wakili linaingia kwenye uwanja wa kanisa. Akashuka amevaa kanzu nyeupe na kofia, mkononi ana bahasha ya kaki. Watu wote wakageuka. Nikatoka mbio, nikamkuta mlangoni.

"Wakili, leo ni Sabato."

"Najua, mama. Sikuja kwa kazi. Nimekuja kusikiliza kwaya."

"Na hiyo bahasha?"

"Bahasha ipi?" Akaificha nyuma ya mgongo.

"Usiniambie neno."

"Sijasema neno." Lakini meno yote thelathini na mawili yalikuwa nje, na magego pia.

"Funga mdomo, kijana. Unanisomea hukumu."

Akaufunga kwa mkono. Halafu macho yakaanza kucheka peke yake, na mabega nayo yakaingia. Nilimkalisha benchi la nyuma nikarudi kwangu. Huko nyuma alisikiliza kwaya kama mtu aliyelipiwa tiketi. Pale sisi tunaposema amina, yeye alipiga makofi. Mama mmoja wa idara ya akina mama akaninong'oneza, "Huyo mgeni wako amejazwa furaha kweli. Ameokoka lini?" Nikamwambia jana jioni.

Jua lilipozama, mzee aliyefunga Sabato aliombea wagonjwa, wanafunzi, serikali, mvua, na ndoa zote za wilaya. Sijawahi kumchukia mtu wa Mungu kama nilivyomchukia dakika zile. Aliposema amina ya mwisho nilikuwa tayari nimeshafika benchi la nyuma. Nikainyakua bahasha, nikakaa kwenye ngazi za kanisa, nikafungua ukurasa wa sita.

Rufaa imekubaliwa. Hukumu ya chini imewekwa kando. Kijana aliyetembezwa mpaka na baba yake alikwisha kupewa, na kufa kwake kabla ya baba hakumnyang'anyi alichopewa. Mke wake anasimama pale alipokuwa amesimama yeye. Mwenye jina kwenye hati anaishika kwa niaba ya familia, si kwa tumbo lake.

Nilipiga kelele. Si amina, kelele. Ile ya wanawake wa kwetu mtoto akizaliwa. Akina mama walitoka ndani kuja kuona, na kwa kuwa kelele hiyo haipigwi na mtu mmoja, wakaipokea kabla hawajajua ni ya nini. Wakili alisimama katikati yetu na kanzu yake, anapangusa macho, anasema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi, nimeshikilia tangu saa tatu asubuhi, nilikuwa nataka kupasuka." Binti wa mjane hatukumpata kwenye simu hadi mara ya nne. Alipompa mama yake, nikamwambia kwa Ekegusii, mkubwa amesema ni pako. Nikasikia "mbuya mono, mbuya mono," yaani asante sana, na simu ikaanguka chini.

Jumapili tuliandika hoja. Wakili alitaka kuizungushia hukumu yetu nyingine kumi na tano, ili kitabu kiwe kizito. Nilikataa kata kata. Nilimwambia mkubwa hatembei na umati. Tukaiweka peke yake mbele, na nyuma yake nikatengeneza karatasi moja inayoonyesha namba ya kesi ya chini, namba ya rufaa, na jinsi majina yalivyogeuka, ili mtu asije akasema ni kesi nyingine. Karatasi hiyo ni yangu. Wakili aliitia sahihi, lakini ni yangu.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa shemeji alisimama na hukumu yake ya zamani, akaisoma kwa madaha. Wakili wangu akainuka taratibu: "Mheshimiwa, rafiki yangu ameegemea ukuta uliobomolewa." Akampa jaji kurasa sita na ile karatasi yangu. Jaji akasoma, kisha akamtazama yule wakili juu ya miwani na kumuuliza kama alikuwa ameangalia iwapo hukumu hiyo ilikatiwa rufaa.

"Mheshimiwa, ndiyo ya kwanza kwenye mtandao," akasema.

Nilimwonea huruma. Kidogo tu, maana yule alikuwa mimi wa mwaka jana. Halafu nikakumbuka korido na swali la mama yule, huruma ikaisha.

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadaye kwa njia ya video, kama siku hizi. Tulikaa watatu mbele ya kompyuta ile ile, mama katikati. Jaji alisoma kwa Kiingereza na mimi nikawa namnong'oneza sikioni. Rufaa imekubaliwa. Hati irekebishwe. Sehemu aliyoonyeshwa marehemu ikatwe na iandikwe jina la mjane. Sikuweza kumaliza sentensi hiyo vizuri. Wakili akanimalizia kwa Kiswahili.

Mama akauliza, "Na shemeji anaweza kwenda kwa mkubwa kuliko huyu?"

"Anaweza kujaribu," nikasema. "Mkubwa ni Mahakama ya Rufani."

"Ile ya kurasa sita?"

"Ile ile."

Akaanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, amejifunika mdomo kwa leso, halafu ikamshinda, akajiegemeza kwangu, na sisi wote watatu tukacheka hadi baba wa wakili akapanda kutoka dukani kuuliza tumekula nini. Shemeji hakujaribu. Muda wa rufaa ukapita, mpima ardhi akaja, mawe ya mpaka yakafukiwa.

Jumapili moja baada ya hapo nilikwenda kumtembelea. Nilipanda bodaboda kutoka stendi ya Ekerenyo hadi kwake. Akanizungusha shamba lote, chai yake, migomba yake, mpaka mtoni. Tuliporudi akasimama upande wa kulia wa nyumba, mahali penye saruji na maua, akaniambia huyu hapa ndiye mume wangu. Tukasimama kwa heshima. Kisha akanishika mkono, tukazunguka hadi upande wa kushoto, mahali kwetu panapozikwa mama mwenye nyumba. Palikuwa pamelimwa vizuri, pana maharagwe yaliyokomaa.

"Na mimi hapa," akasema.

Nilishtuka. Kwetu mtu mzima na afya yake hajionyeshi kaburi. "Omong'ina, unaumwa?"

"Yaya, hapana! Niko na nguvu kuliko wewe. Ni miaka sita nimekuwa najiuliza hawa watoto watanipeleka wapi. Kwa nani?" Akaingia katikati ya maharagwe, akasimama miguu pamoja, mikono ubavuni, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayejaribu gauni kwa fundi. "Naona inanitosha."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili. Yeye akainama, akaanza kung'oa mashina ya maharagwe na kunirushia mikononi.

"Shika hiyo," akasema. "Mimi sina haraka, na wewe hujala."